Kifaru Huvaa Udongo wa Mahali: Namna ya Kuziba na Kupiga Rangi za Mabaka kwenye Modeli

Kila nikiteremka Mombasa, jamaa zangu huniuliza swali lile lile: mtu mzima, mwenye kazi na familia, unakaaje usiku ukipiga rangi kifaru cha plastiki? Wengine huuliza kwa mzaha. Wengine, hasa wenye ndugu kule Lamu, huuliza kwa uzito, kwa sababu kwao gari la kivita si kitu cha kuchezea. Nimeona bora nijibu kwa maandishi, na nikijibu nieleze kazi yenyewe inavyofanywa, kwani anayejua kazi ndiye anayeweza kuihukumu.

Mimi ni fundi wa kupiga rangi magari. Naishi Mulot, mji mdogo kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet, pale kaunti hizo mbili zinapopakana, si mbali na mto Amala unaoungana na Nyangores kuwa mto Mara. Mchana napiga rangi magari ya watu. Jioni naketi na modeli za magari ya kijeshi za kipimo cha 1/35, maana yake kila sentimita 35 za gari halisi zinakuwa sentimita moja. Kifaru chenye urefu wa mita 7 kinakuwa cha sentimita 20, kinatosha juu ya sahani ya wali.

Kazi hizo mbili ni ndugu. Wenye umri wangu watakumbuka kanuni za mwaka 2004, zile tulizoziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Zilitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano kuizunguka. Fundi aliyekuwa hajui kuziba vizuri alijulikana siku ile: mstari wake ulikuwa na meno kama msumeno. Kuziba ni kufunika mahali pasipotakiwa kupata rangi, na nasema bila kusita kwamba ndiyo nusu ya kazi ya rangi. Mkono wa kunyunyiza unafunzwa kwa wiki chache. Subira ya kuziba huchukua miaka.

Mabaka yanafanya nini?

Kabla ya kushika tepu, elewa kazi ya mabaka. Wengi hudhani rangi za kijeshi ni za kulifanya gari lifanane na majani. Hilo ni robo tu ya habari. Jicho la mtu halitafuti rangi kwanza, linatafuta umbo: mstari ulionyooka, duara la gurudumu, kivuli chini ya tumbo la gari. Baka zuri linakata umbo hilo vipande vipande, jicho lishindwe kuviunganisha.

Sisi tulio karibu na Mara tuna walimu wa bure. Chui ana mabaka meusi yaliyovunjika, na akilala kwenye tawi, mwanga unaopenya majani unammaliza kabisa. Swala ana mgongo wa hudhurungi na tumbo jeupe. Mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, alilieleza jambo hilo mwaka 1896: jua linaangaza mgongo na kutia giza tumbo, basi mnyama mwenye mgongo mweusi zaidi na tumbo jeupe anaonekana bapa, kana kwamba hana unene. Baadaye Mwingereza Hugh Cott, mtaalamu wa wanyama, aliandika kitabu kikubwa juu ya rangi za wanyama kilichotoka mwaka 1940, na vitani alikuwa mmoja wa walioshughulikia mafunzo ya kuficha zana za jeshi. Hata kikosi cha kwanza cha kazi hii, kilichoundwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1915, kiliongozwa na mchoraji, Lucien-Victor Guirand de Scévola. Kwa hivyo hii ni kazi ya wasanii na watazamaji wa wanyama tangu mwanzo wake.

Na mwalimu mkubwa kuliko wote tumempa jina sisi wenyewe. Kiswahili kinaita gari lile kifaru. Faru wa kweli ana ngozi ya kijivu, lakini ni nadra kumwona wa kijivu, kwani hugaagaa matopeni. Kwenye udongo mwekundu ni mwekundu, kwenye udongo mweusi ni mweusi. Huvaa mahali alipo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu.

Ardhi kwanza, sanduku baadaye

Seti ya modeli hununuliwa ndani ya sanduku lenye picha nzuri, na ndani mna karatasi inayoonyesha rangi. Wanaoanza huinakili tu. Mimi nashauri ujiulize kwanza: gari hili lilikuwa ardhi gani, mwezi gani, na nani alilipiga rangi?

Chukua safari ya hapa kwetu. Kutoka Narok kuja Mulot wakati wa kiangazi unapita nyasi zilizokauka na mabua ya mahindi, rangi ya mchanga na majani makavu. Panda kuelekea Bomet hadi Kericho, unaingia kwenye chai. Mashamba ya chai yana kijani kimoja kinachong'aa, kimekatwa sawasawa kama zulia mwaka mzima. Ukiweka gari la mabaka ya kijani kizito, kahawia na meusi katikati ya zulia lile, litaonekana kama nzi kwenye maziwa, kwa sababu chai haina vivuli vikubwa juu yake. Lisogeze hadi kwenye miti ya mikaratusi inayopandwa kwa kuni za viwanda vya chai, na litatoweka. Rangi ni zile zile, gari ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali.

Majeshi nayo yalijifunza hivyo. Waingereza waliokuwa Misri mwaka 1940 na 1941 walitumia mpango ulioitwa kwa jina la ofisa wao, Caunter: mistari iliyonyooka ya rangi tatu, ikikatana kwa pembe, kwa ajili ya jangwa lenye mwanga mkali. Wajerumani, kuanzia Februari 1943, walitoa magari kiwandani yakiwa na rangi moja ya manjano iliyofifia, wakawapa askari kahawia nyekundu na kijani kama lahamu ya kuzimuliwa kwa maji au petroli. Kila kikosi kilipiga mabaka yake kulingana na mahali kilipo. Nchi za NATO nazo katika miaka ya 1980 zilichukua mabaka ya rangi tatu, kijani, kahawia na nyeusi, kwa misitu na miji ya Ulaya.

Kila mpango kati ya hiyo unataka kuziba kwa namna yake. Tuingie kazini.

Msingi

Osha modeli kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwani vipande hutoka kiwandani na mafuta. Ikikauka, piga praima nyembamba. Bila praima, tepu itaondoka na rangi yako yote.

Kisha piga rangi ya msingi, ile iliyo nyepesi kuliko zote. Kanuni ya jumla ni kutoka nyepesi kwenda nzito, kwa sababu nyeusi hufunika manjano kwa mkono mmoja, lakini manjano juu ya nyeusi hutaka mikono minne na mwishowe huwa nene kama uji.

Hapa hali ya hewa inaingia. Kericho na Bomet mvua hupenda kunyesha alasiri, na usiku ni baridi. Mimi hupiga rangi kabla ya saa sita mchana na kuiacha hadi kesho yake kabla ya kuweka tepu. Rangi iliyokauka kwa kuguswa bado haijakauka kwa tepu. Ninyi wa pwani mna tatizo lingine: unyevu. Hewa yenye unyevu ikibanwa kwenye kompresa hugeuka maji, na maji hayo hutoka na rangi kama mate. Weka kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa, na ukifungulie maji yatoke kila unapomaliza. Rangi za thina kali zikipigwa siku yenye unyevu mwingi huweza kupata ukungu mweupe, basi subiri siku kavu au tumia rangi za maji.

Kuziba kwa tepu: mistari iliyonyooka

Mpango wa Caunter ni shule nzuri ya tepu. Tumia tepu ya karatasi iliyo nyembamba na laini. Ile pana ya dukani ina gundi kali na ukingo wake umechakaa, kwa hivyo ibandike kwanza kwenye kioo safi, kata kingo mpya kwa wembe na rula ya chuma, kisha itumie. Kuibandika na kuibandua kioo mara moja au mbili pia hupunguza ukali wa gundi.

Bandika mstari mkuu kwanza, ule mrefu, kisha ya pembeni. Gari lina bolti, bawaba na vishikio, na tepu haipendi vitu hivyo. Isukume kwa kijiti cha meno kila pembe hadi uone umbo la bolti likijitokeza juu ya tepu. Sehemu iliyobaki kubwa, usimalize tepu yako bure: funika kwa gazeti, kama tunavyofanya kwenye matatu.

Sasa siri ambayo ingestahili kulipiwa. Kabla ya kupiga rangi ya pili, piga tena rangi ya msingi, nyembamba, kwenye ukingo wa tepu. Ikiwa kuna tundu, rangi itakayopenya ni ile ile iliyoko chini, haitaonekana, na tundu litakuwa limezibika. Ndipo upige rangi mpya. Mstari utakuwa kama umekatwa kwa wembe.

Kuziba kwa plastisini: kingo laini

Askari aliyepiga mabaka kwa mashine ya kunyunyizia hakuacha ukingo mkali. Rangi ilififia taratibu, labda sentimita 7. Fanya hesabu: kwenye 1/35 hizo ni milimita 2 tu. Wengi huharibu hapa. Wanapiga ukingo mlaini wa sentimita nzima, na kwenye gari halisi hiyo ingekuwa sentimita 35 za ukungu. Macho hayajui hesabu, lakini yanajua kuna uongo.

Dawa yake ni plastisini ile ya watoto wa shule. Isokote iwe kama tambi nene, unene wa milimita 3 au 4, uilaze kwenye modeli ukifuata mkondo wa baka. Kwa sababu ni ya mviringo, inagusa modeli katikati tu, na kingo zake zinaelea juu kidogo. Rangi inaingia chini yake kiasi na kufifia yenyewe. Jaza kipande cha ndani kwa tepu au plastisini zaidi.

Shikilia brashi ya hewa ikielekea modeli moja kwa moja. Ukiilaza kwa upande, rangi itapita chini ya tambi na kingo zitakuwa pana. Ukitaka ukingo mkali zaidi, bonyeza tambi kidogo. Tahadhari moja: plastisini nyingine zina mafuta yanayoacha alama, basi ijaribu kwanza kwenye kipande usichokihitaji, na usiiache juani.

Kuziba kwa vipande: kingo kali zenye mawimbi

Mabaka mengine yalipigwa kwa brashi ya nywele au kwa kuchorwa mpaka kwanza, na kingo zake ni kali lakini zimepinda. Bandika tepu pana kwenye kioo, chora mawimbi kwa penseli, kata kwa wembe mpya, kisha hamisha vipande vyote viwili, kwani kimoja kitatumika upande huu na cha pili upande ule.

Hapa angalia jambo ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulisahau: baka lisiishie kwenye pembe ya gari. Lipitishe juu ya pembe, lizunguke hadi upande wa pili. Baka linaloishia ukingoni linauonyesha ukingo, na kazi yake ilikuwa kuuvunja. Kichwa cha kifaru, kile kinachozunguka na mzinga, kizungushe kiangalie mbele kabla ya kuchora, ili mabaka ya juu na ya chini yakutane.

Kubandua

Usingoje rangi mpya ikauke kabisa ikawa ngumu. Ikishaacha kung'aa na kunata, anza. Kunja tepu juu ya mgongo wake yenyewe, uivute taratibu karibu na uso wa modeli, si kuivuta juu kama unayeng'oa msumari. Pakijitokeza dosari, ngoja hadi kesho, halafu msasa laini wenye maji na brashi ndogo vitatosha.

Umbali na vumbi

Ukisimama juu ya mlima wa chai ukatazama mbali, kijani cha karibu ni kizito, cha mbali kimefifia na kuingia ubuluu. Hewa iliyo katikati ndiyo inayofanya hivyo. Modeli ya 1/35 ukiitazama kutoka mita moja ni kama gari halisi lililo mita 35, basi rangi ile ile ya gari halisi itaonekana nzito mno juu yake. Ongeza tone la nyeupe au la mchanga kwenye kila rangi. Nyeusi usiitumie tupu kamwe, ichanganye na kijivu.

Mwisho piga vanishi isiyong'aa, kisha vumbi. Mimi nachukua udongo wenyewe, naukausha, naupepeta kwa kitambaa cha soksi, nachanganya na maji na gundi nyeupe kidogo, naupaka chini karibu na minyororo na magurudumu. Juu weka kidogo tu. Hapo ndipo kifaru kinavaa udongo wa mahali, na ndipo rangi tatu ulizotesekea zinapokuwa gari moja.

Sasa, kwa nini?

Narudi kwa jamaa zangu wa Lamu. Ni kweli, gari la kivita limepita kwenye barabara zenu likiwa halisi, na ndani yake walikuwamo vijana wa watu. Sijawahi kuona utukufu ndani ya jambo hilo. Nakubali pia kwamba rangi hizi zina mipaka. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, na mteja akiniletea pikipiki akitaka mabaka ya kijeshi, namrudisha nayo ilivyo. Modeli iliyoko mezani haimdanganyi mtu barabarani. Pikipiki ya mabaka inaweza kumdanganya.

Lakini tazama kilichomo ndani ya masanduku haya. Kuna alama za Wajerumani, Wamarekani, Warusi. Kijana wa Mulot au wa Voi akifuata karatasi ya sanduku, atadhani vita vilipiganwa Ulaya na Misri pekee. Hataambiwa kwamba mwaka 1916 magari ya kivita ya Rolls-Royce yaliingia mapiganoni upande wa Taveta, katika vita vilivyowaua wapagazi wetu kwa maelfu, hadi jina la kikosi chao likabaki kwenye mitaa ya Kariakoo. Hataambiwa kwamba Desemba 1940 majeshi yaliondoka Kenya kushambulia El Wak, na kufikia tarehe 25 Februari 1941 yalikuwa Mogadishu, askari wa King's African Rifles wakiwamo, pamoja na magari ya Marmon-Herrington kutoka Afrika Kusini. Wala hatajua kwamba Februari 2009 meli ya MV Faina ilifika Kilindini na vifaru 33 vya T-72, baada ya miezi minne mikononi mwa maharamia wa Kisomali, na watu wa Mombasa wakabaki kubishana vinaenda wapi.

Magari hayo yana modeli zake. Marmon-Herrington ipo, Rolls-Royce ipo, T-72 zimejaa. Hata Panhard AML ya Ufaransa, ambayo jeshi la Kenya limekuwa nayo kwa miaka mingi, inatengenezwa kwa 1/35. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapiga rangi na udongo wa kwetu, akaweka kikaratasi chini yake: hili lilipita hapa, mwaka huu, na watu hawa walilipia.

Asiye na pesa ya seti asivunjike moyo. Watoto wa hapa Mulot wanaunda magari kwa waya na mabati ya makopo. Karatasi ngumu ya pakiti ya maziwa, praima ya kopo na tepu ya karatasi vinatosha kujifunza yote niliyoeleza. Na mkono ukishajua kuziba mstari wa milimita 2, ukija gereji nitaupa kazi ya matatu siku hiyo hiyo. Walimu wenye vipindi vya sanaa shuleni wajaribu: wape wanafunzi gari moja la karatasi na swali moja, je, ungelifichaje hapa nyuma ya shule? Watatoka nje, wataangalia nyasi, miti na vivuli, na wataiona ardhi yao kama hawajawahi kuiona.